Ukikataliwa kazi kwa sababu ya afya au mazoea yako

Ndugu mkimbizi, ukienda Kabuga kuomba kazi ya ujenzi, dukani au hotelini, huenda ukaulizwa: unavuta sigara? unakunywa pombe? umepimwa? Maswali haya hayana uzito mmoja.

Sigara na pombe ni mazoea, na mwajiri anaweza kukukataa kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliacha kuajiri wavuta sigara mwaka 2005. Nawe ukifika unanuka urwagwa wa jana, usimlaumu mtu.

Ugonjwa ni jambo lingine. Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mwombaji wa kazi asilazimishwe kupimwa virusi vya UKIMWI wala kueleza kama anavyo. Anayemeza dawa zake kila siku anaweza kubeba matofali kama wenzake. Pendekezo si sheria, lakini sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya 2018, inakataza ubaguzi kazini, hata kwa ulemavu.

Ukiambiwa, "Lete kwanza karatasi ya sida," usigombane mlangoni. Andika tarehe, mahali na maneno uliyoambiwa, uyapeleke kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Kwa Kabuga ni wilaya ya Gasabo.