Safari ya Mapumziko Katika Exmoor

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ya mapumziko haina matengenezo. Mtu hufunga mzigo wake, huondoka, basi. Lakini mapumziko nayo yana kazi yake, na kazi hiyo hufanywa nyumbani kabla ya kutoka. Tutajifunza jambo hilo kwa mfano wa mahali pamoja katika Uingereza, paitwapo Exmoor.

Exmoor iko kusini-magharibi ya Uingereza, katika majimbo ya Somerset na Devon. Tangu mwaka 1954 ni hifadhi ya taifa, na eneo lake ni karibu kilomita za mraba 690. Sehemu ya juu ni nyika ya vilima vitupu, yenye upepo na ukungu. Kilima kirefu kuliko vyote, Dunkery Beacon, kina mita 519. Juu ya nyika huota vichaka vifupi ambavyo mwezi wa Agosti huchanua maua ya zambarau. Mimea iliyo jamaa yake huota hata kwetu, katika Kilimanjaro na Mlima Kenya. Humo huishi ayala wekundu wenye pembe za matawi, na farasi wadogo wa rangi ya kahawia. Upande wa kaskazini nyika hukoma ghafula, na chini ya magenge ni bahari.

Basi, mtu atakaye kukaa huko siku chache yampasa kuuliza mambo matatu.

La kwanza: Hali ya hewa itakuwaje? Ukungu waweza kushuka nyikani kwa muda mfupi, hata mtu asiione njia aliyoijia. Kwa hiyo msafiri mwenye akili huchukua ramani, dira na nguo za mvua, hata kama asubuhi jua lawaka. Tena humwambia mwenye nyumba njia atakayopita na saa atakayorudi, ili akikawia wajue pa kumtafuta.

La pili: Maji yatajaa saa ngapi? Watoto wa pwani wanajua maana ya swali hili. Lakini maji ya bamvua Unguja hupanda karibu mita 4 tu. Katika bahari ya Exmoor kujaa na kupwa ni miongoni mwa makubwa ya dunia, na mahali pengine maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 10. Mtu anayetembea ufuoni bila kusoma jedwali la maji aweza kuzingirwa: mbele maji, nyuma maji, na genge halipandiki.

La tatu: Ardhi ni ya nani? Jina la hifadhi ya taifa lisimdanganye mtu. Sehemu kubwa ni mali ya wenyewe, wakulima na wafuga kondoo. Mgeni hufuata njia zilizoruhusiwa, hulifunga lango alilolikuta limefungwa, humtia mbwa wake kamba, wala hawalishi farasi.

Labda mtasema, "Haya ni mambo madogo." Sikilizeni basi habari ya kijiji cha Lynmouth. Kijiji hiki kiko pwani, mahali ambapo mito miwili itokayo nyikani hukutana. Watu walijenga nyumba karibu sana na maji, na mto mmoja wakaubana katika mfereji mwembamba. Mwezi wa Agosti mwaka 1952 kijiji kilikuwa na wageni wengi waliokuja kupumzika. Tarehe 15 mvua kubwa ilinyesha juu ya nyika, zaidi ya milimita 220 kwa saa 24. Udongo ulikuwa umekwisha kushiba maji ya siku zilizotangulia, haukuweza kunywa tena. Maji yakateremka mabondeni kwa kishindo, yakichukua miti na mawe makubwa. Usiku ule mto ukauacha mfereji wa watu, ukarudi katika njia yake ya zamani, katikati ya kijiji. Watu 34 walikufa katika Lynmouth na mahali pa jirani. Kijiji kilipojengwa tena, mto ulipewa njia pana zaidi.

Hapo twajifunza ya kuwa nyika na pwani ni nchi moja. Mvua inyeshayo mlimani haikomi mlimani. Itamfikia alalaye ufuoni. Wahenga walisema, "Maji hufuata mkondo."

Huko huko Exmoor, juu ya mto Barle, pana daraja la kale la mawe mapana, jina lake Tarr Steps. Mara kadha wa kadha mafuriko yameyang'oa mawe yake. Watu wakayatia namba, ili maji yakiyachukua, kila jiwe lirudishwe mahali pake. Hawakusema, "Maji hayatakuja tena." Walijua ya kuwa yatakuja, wakajiweka tayari. Nawe ufanye vivyo hivyo kabla ya kila safari, iwe ya mbali au ya karibu.

MASWALI
1. Msafiri wa nyikani achukue vitu gani, na kwa nini?
2. Kwa nini kutembea ufuoni mwa Exmoor kwahitaji jedwali la maji?
3. Eleza jinsi mvua ya nyikani ilivyowaua watu wa pwani mwaka 1952.
4. Je, karibu na kwenu pana mto au bonde? Waulize wazee maji yake yalifika wapi zamani.