Mirathi ya Bunduki: Mali Hurithiwa, Kibali Hakirithiwi

 

Ndugu zangu katika imani, sisi tunaosoma faraidh hapa chuoni tumezoea kugawa ngamia, mitende na dinari za kwenye vitabu. Swali la kwanza nililoletewa na watu wa nyumbani lilikuwa la bunduki, na nililijibu vibaya.

Shangazi yangu anaishi Texas, Marekani. Mumewe, Mwislamu wa huko huko, alifariki bila kuandika wosia. Aliacha mke, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Wazazi wake walishatangulia. Mazishi na madeni yalikwisha lipwa. Shangazi akanipigia: "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Tuna bunduki tatu kasoro, tunazigawaje?" Alisema "tatu kasoro" kwa sababu kimoja hakikuwa bunduki, kilikuwa kizima sauti cha kufungwa kwenye mtutu. Cha pili ni bunduki fupi. Cha tatu ni bombomu ya Kijerumani, MP 40, ambayo babu yake marehemu aliirudisha kutoka Vita Kuu ya Pili na kuiweka sandukuni.

Nikamjibu haraka, kwa raha ya mtu aliyeulizwa: silaha zote achukue kijana, zithaminishwe, kisha dada zake na mama walipwe haki yao kwa fedha. Nilipomweleza ustadh wetu alinitazama kidogo, akauliza, "Hiyo bombomu ina karatasi?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma.

Kwanza niliondoe kosa dogo. Kwa nini nilimpa kijana? Kwa mila tu. Kwetu mkuki wa babu huenda kwa mwana mkubwa, na nikaibeba mila hiyo nikaiita sharia. Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, inagawa alichoacha marehemu kwa mafungu. Haikuweka aina ya mali ya wanaume na aina ya wanawake. Katika madhehebu ya Ja'fari iko hukumu ya habwa, ambapo mtoto mkubwa wa kiume hupewa upanga, pete, msahafu na mavazi ya baba yake. Madhehebu yetu manne ya Kisunni hayana hukumu hiyo. Kwa hiyo mke ana thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Tukifanya asili ya mas'ala kuwa 32, mke 4, kijana 14, kila binti 7.

Sasa sheria ya nchi. Marekani bunduki za kawaida zina masharti mepesi, lakini ziko aina zilizofungwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1934: bombomu, bunduki ya risasi yenye mtutu chini ya inchi 16, bunduki ya marisau yenye mtutu chini ya inchi 18, vizima sauti na nyinginezo. Kila kimoja lazima kiwe kimeandikwa katika daftari la shirikisho kwa jina la mwenyewe. Mwenyewe akifa, usajili hauhami wenyewe kwenda kwa mtoto. Msimamizi wa mirathi anaruhusiwa kuvishika kwa muda wa kadiri mirathi ikiendelea, na anatakiwa kumpelekea idara ya silaha (ATF) maombi kwa Fomu 5, pamoja na hati ya kifo, karatasi za usimamizi wake na alama za vidole za mrithi. Mrithi halipi kodi ya uhamisho, tofauti na mnunuzi wa bombomu ambaye hulipa dola 200, kiwango kile kile cha 1934. Mpaka kibali kirudi, mrithi hachukui kitu. Hata kumpa muuza silaha akuhifadhie kabatini kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa ni uhamisho usio halali. Na mrithi mwenyewe lazima awe mtu anayeruhusiwa: aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja hawezi, na mgeni mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida hawezi.

Je, huku si kumzuilia mrithi haki aliyopewa na Allah? Ndivyo alivyouliza baba yangu, na kwa sauti. Lakini mafakihi wametofautisha mali na haki. Mali ya maiti inahamia kwa warithi. Haki iliyofungwa na nafsi yake, kama uwakala au cheo cha ukadhi, inakwisha kwa kufa kwake. Kibali cha kushika silaha ni cha aina hii ya pili: serikali ilimtazama yeye, haikumtazama mwanawe. Na mtawala anaweza kuwekea masharti jambo la mubaha kwa maslaha ya watu. Thamani ya bunduki ni ya warithi wote. Kuishika ni kwa mwenye ruhusa. Hapa Uganda nako, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inadai cheti kwa anayeishika, na baba alinyamaza nilipomkumbusha hilo.

Kwa vitu viwili vyenye karatasi kazi ikawa nyepesi. Marehemu alivinunua kabla ya ndoa, hivyo Texas inavihesabu mali yake binafsi. Ilivyokuwa hakuna wosia, sheria ya jimbo hilo ingempa mke theluthi ya mali ya aina hiyo na watoto theluthi mbili, si thumni. Shangazi alikubali mwenyewe kurudi kwenye thumni, wakaandikiana mkataba wa familia. (Waume zetu wa ughaibuni, andikeni wosia. Huko mtu ana uhuru wa kuandika mafungu ya faraidh, na mahakama itayafuata.) Aliyevitaka ni binti mkubwa, aliyekuwa akienda mawindoni na baba yake. Vilithaminiwa dola 1,600, yaani dola 50 kwa kila fungu: mama 200, kijana 700, kila binti 350. Binti alivichukua vyote, na zile 1,250 zilizozidi haki yake zikakatwa kwenye fedha taslimu alizokuwa akirithi. Hiyo ni takhaaruj, na inasihi wote wakiridhia na kujua wanachoachiana.

Bombomu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Msimamizi aliuliza daftari la shirikisho, haikuwemo. Askari wengi walirudi na silaha za namna hiyo bila kuziandikisha, na mwaka 1968 serikali ilifungua msamaha wa siku 30, kuanzia 2 Novemba, ili watu waziandikishe. Babu hakwenda. Baada ya hapo mlango umefungwa, mrithi hana fomu ya kuisajili. Kuishika tu ni kosa linaloweza kufikia kifungo cha miaka 10.

Bombomu iliyosajiliwa kabla ya 19 Mei 1986 huuzwa maelfu mengi ya dola, kwa kuwa tangu siku hiyo mpya hazisajiliwi kwa raia. Bei hiyo ndiyo niliyokuwa nimempigia kijana hesabu. Kwa fatwa yangu angewalipa dada zake na mama yake kwa kitu kisichouzika kihalali, kisha akalala nacho chumbani, na pengine akafungwa. Kisichoweza kuuzwa wala kushikwa hakina thamani ya kugawa. Nilimpigia shangazi usiku ule ule, kwa aibu, nikamwambia asiiguse, asimpe mtu, amwite wakili.

Alilia, si kwa fedha. "Ni kumbukumbu ya watu wake, mwanangu." Wakili alizungumza na idara, maofisa wakaja kuichukua, na hakuna aliyeshitakiwa. Lile sanduku la mbao lilibaki. Kijana alilitaka, na ndugu zake wakamwachia bila hesabu.

Wallaahu a'alam.