Demokrasia na Fikra za Kisiasa za Kiislamu: Maswali na Majibu

1. Eleza maana ya shura. (Alama 2)
Shura ni utaratibu wa kiongozi kushauriana na Waislamu katika mambo ya umma. Ushahidi: Surat Al-Imran, aya 159, Surat Ash-Shura, aya 38. Maana alama 1, ushahidi alama 1.

2. Tofautisha shura na demokrasia. (Alama 4)
(a) Mamlaka ya juu. Katika demokrasia, mamlaka ya juu ni ya wananchi. Katika shura, mamlaka ya juu ni ya Mwenyezi Mungu.
(b) Mipaka. Bunge hutunga na kufuta sheria kwa kufuata katiba. Shura haifuti hukumu iliyothibiti katika Qur'ani na Sunna.
Usiandike kwamba shura haina uteuzi wa viongozi. Khalifa Umar aliunda jopo la watu 6 lichague khalifa baada yake. Atakayeandika kwamba shura haina uteuzi hupata sifuri.

3. "Uislamu na demokrasia havipatani." Jadili kwa kurejelea wanafikra. (Alama 10)
Swali hili ndilo linaloangusha wengi, kwa sababu mtahiniwa huhubiri badala ya kujadili. Taja mwanafikra, dhana yake, kisha msimamo wake.
Sayyid Qutb: hakimiyya. Mamlaka ya juu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Jamii inayojitungia sheria nje ya sharia imo katika ujahilia, yaani hali ya ujinga kama ya kabla ya Uislamu. Anaunga mkono hoja.
Abul A'la Maududi: naye anashika hakimiyya, na hapa ndipo watahiniwa humchanganya na Qutb. Kwa Maududi, ukhalifa ni wa Waislamu wote, si wa mtu mmoja wala ukoo mmoja. Hivyo watawala huchaguliwa, ndani ya mipaka ya sharia. Anaunga mkono nusu.
Ali Abdel Raziq, akiandika mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya ukhalifa kufutwa Uturuki: Uislamu haukuweka mfumo maalumu wa serikali. Anapinga hoja.
Rashid Ghannouchi: demokrasia ni chombo cha kutekeleza shura. Chama chake, Ennahda, kilipata viti 89 kati ya 217 nchini Tunisia mwaka 2011, kikaachia serikali mwaka 2014. Anapinga hoja, na ana mfano wa vitendo.
Hitimisho lenye msimamo: alama 2.

4. Je, Iran ni nchi ya kidemokrasia? (Alama 4)
Kwa utaratibu, kwa sehemu: rais na wabunge huchaguliwa kwa kura. Kwa mamlaka ya juu, hapana: chini ya wilayatul faqihi, yaani utawala wa mwanazuoni wa sheria, Kiongozi Mkuu yuko juu ya rais, na Baraza la Kulinda Katiba, lenye wajumbe 12, huchuja wagombea. "Ndiyo" tupu au "hapana" tupu hupata alama 1.