Saa ya Kwanza ya Mtoto Mahututi: Muuguzi Wake Husomea Nini?

Saa nane usiku, mama anafika katika hospitali ya kaunti ndogo akiwa amembeba mtoto wa miezi 9. Mtoto ana homa tangu juzi, anapumua mbio na amekataa kunyonya. Mtu wa kwanza wa kumhudumia si daktari bali ni muuguzi wa zamu. Yatakayotendeka katika dakika 10 zinazofuata, daktari akiwa bado anaitwa kutoka wodi nyingine, yanategemea sana kile ambacho muuguzi huyo amefundishwa.

Wakazi wengi huuliza kwa nini wauguzi ambao tayari wana vyeti na leseni huomba ruhusa ya kurudi shuleni, ilhali wodi zina upungufu wa wafanyakazi. Somo hili linaeleza masomo hayo ni yapi, yalianzia wapi, na yanamfaa vipi mtoto anayeletwa hospitalini usiku.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Sababu ya kwanza ya masomo haya ni mwili wa mtoto wenyewe. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa takriban milimita 4. Ikivimba milimita 1 kila upande, hubaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa hupungua kwa asilimia 75. Njia iliyo pana zaidi, tuseme ya milimita 8, ikivimba kiasi hicho hicho hupungua kwa asilimia 44 pekee. Ndiyo maana mafua yanayomsumbua mzazi kidogo yanaweza kumwishia mtoto pumzi.

Sababu ya pili ni kwamba mwili wa mtoto huficha hatari. Damu isipozunguka vizuri, moyo wake hupiga mbio na mishipa hujibana, hivyo shinikizo la damu linaweza kuonekana sawa hadi karibu na mwisho. Anayesubiri shinikizo lishuke huwa amechelewa. Muuguzi aliyefunzwa hutazama dalili nyingine mapema. Je, mikono na miguu ni baridi? Ukibonyeza ukucha kisha ukauachilia, rangi hurudi baada ya muda gani? Ikizidi sekunde 3, hiyo ni ishara ya kushughulikiwa mara moja.

Sababu ya tatu ni hesabu. Karibu kila dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mtoto aliyeishiwa sukari mwilini, kwa mfano, hupewa kwenye mshipa maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Mwenye kilo 8 hupata mililita 40. Kosa dogo la hesabu ambalo mtu mzima angelivumilia linaweza kumdhuru mtoto vibaya.

Somo lililotoka Kilifi

Kuna funzo moja ambalo kila muuguzi wa watoto mahututi hukutana nalo, na chimbuko lake liko hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti unaoitwa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanya kazi Kilifi. Ulihusisha zaidi ya watoto 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika hospitalini wakiwa na ugonjwa mkali wenye homa, na dalili kwamba damu haizunguki vizuri.

Baadhi yao walipewa maji mengi ya haraka kupitia mshipa, kama miongozo mingi ya wakati huo ilivyoelekeza. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Baada ya saa 48, takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa.

Kitendo kilichoaminika kuokoa maisha kilikuwa kikiongeza vifo katika hospitali zisizo na huduma kamili za wagonjwa mahututi. Kwa hiyo haitoshi muuguzi kujua namna ya kutundika chupa ya maji. Ni lazima ajue ni mtoto gani anayeyahitaji, kwa kasi gani, na lini aache.

Wazazi wasielewe vibaya. Utafiti huo haukuhusu watoto wanaoharisha. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na ORS pamoja na zinki bado ndiyo tiba inayopendekezwa.

Cheo hiki kilianzia wapi?

Marekani ndiko kulikoanzia cheo cha muuguzi aliyeidhinishwa kupima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ya aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Colorado. Yalilenga watoto, hasa wa maeneo yenye madaktari wachache.

Miaka ilivyosonga, njia hiyo iligawanyika. Wapo wanaosomea huduma ya kawaida ya watoto, kama chanjo na ukuaji, na wapo wanaosomea watoto wenye magonjwa makali ya ghafla. Kundi hili la pili lilianza kuwa na mtihani wake wa kitaifa mwaka 2005.

Anayefuata njia hiyo huko Marekani kwanza hupata shahada ya uuguzi na leseni. Kisha husoma shahada ya uzamili au ya uzamivu. Hujifunza kwa kina namna mwili unavyofanya kazi na unavyougua, namna dawa zinavyofanya kazi, na uchunguzi wa mgonjwa. Kwa miaka mingi kiwango cha chini cha mazoezi chini ya msimamizi kilikuwa saa 500. Viwango vipya vya mwaka 2022 vilipandisha hadi saa 750. Akimaliza, hufanya mtihani wa kitaifa ndipo aruhusiwe kufanya kazi hiyo.

Njia ya hapa Kenya

Nchini Kenya cheo hicho si kada ya kawaida katika hospitali za kaunti. Kazi ya kutambua ugonjwa na kuandika dawa hufanywa zaidi na madaktari na maafisa wa kliniki. Hata hivyo, muuguzi anaweza kubobea katika watoto au wagonjwa mahututi kwa ngazi hizi:

- Ngazi ya kwanza ni stashahada ya uuguzi, ambayo huhitaji wastani wa C katika KCSE, au shahada, ambayo huhitaji C+. Masomo maalumu kama Biolojia huwa na alama zake.
- Ngazi ya pili ni mtihani na usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya, chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura 257. Bila usajili huo, hakuna anayeruhusiwa kuhudumu kama muuguzi.
- Ngazi ya tatu ni stashahada ya juu ya takriban mwaka mmoja, kwa mfano ya uuguzi wa watoto au wa wagonjwa mahututi, inayotolewa na vyuo kama KMTC.
- Ngazi ya nne ni shahada ya uzamili ya uuguzi, inayotolewa na vyuo vikuu kama Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kando ya ngazi hizi, kuna mafunzo mafupi ya siku chache yanayoitwa ETAT+, ambayo huwafundisha wahudumu wa afya jinsi ya kumtambua na kumhudumia mtoto aliye hatarini. Hayachukui nafasi ya masomo marefu, lakini huwafikia wengi kwa haraka.

Turudi kwa mtoto wa saa nane usiku

Muuguzi aliyebobea hamwambii mama yule akae kwenye foleni. Kwanza anatazama kama njia ya hewa iko wazi. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima na kupata 64. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Anaona kifua kinabonyea ndani. Anabana kipimo cha oksijeni kwenye kidole, kinasoma asilimia 86, yaani chini ya 90, na anaanza kumpa oksijeni. Anapima sukari, anampima uzito, anahesabu dozi. Daktari anapofika, mtoto amekwisha kuhudumiwa na taarifa zote ziko kwenye karatasi.

Hayo yote hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji oksijeni, mizani, vipimo vichache na mtu anayejua la kufanya.

Mkazi afanye nini?

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki, anapumua kwa shida au kifua kinabonyea ndani. Ukifika, mwambie muuguzi dalili hiyo papo hapo, usisubiri kuitwa. Beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kwa sababu uzito na chanjo zilizoandikwa humo huokoa muda. Kama huna uhakika nyumbani, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, lakini usingoje asubuhi kwa dalili zilizotajwa hapa.

Suala la masomo ya wauguzi pia ni la wananchi. Huduma za hospitali za kaunti ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Muuguzi akienda masomoni mwaka mzima, pengo lake kwenye zamu ni la kweli, na wenzake ndio hulibeba. Akirudi kisha akapangiwa kliniki ya watu wazima, gharama hiyo yote imepotea.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika vikao vya ushirikishaji wa umma, wakazi huuliza kuhusu majengo na ambulansi. Wanaweza pia kuuliza mambo matatu: ni wauguzi wangapi wamebobea katika watoto, ni nani hujaza nafasi ya aliye masomoni, na je, aliyerudi amepangiwa wodi ya watoto, ikiwemo zamu ya usiku?