Tumbo Likiuma, Damu Nayo Ipimwe



Somo la toleo hili linahusu magonjwa mawili ambayo mara nyingi hutembea pamoja, lakini sisi huyatibu kana kwamba hayajuani. La kwanza ni la tumbo: kiungulia, maumivu chini ya kifua, kichefuchefu, kushiba upesi. Wengi wetu huliita "vidonda" hata kabla ya kupimwa. La pili ni upungufu wa damu: uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, viganja kupauka. Fundi cherehani wa Dzaleka, mama anayeuza dagaa sokoni, kibarua anayebeba mifuko ya saruji mjini Lilongwe, wote wanaweza kupatwa. Mtaji wa mfanyakazi ni nguvu zake, na magonjwa haya hula mtaji huo polepole.

1. Tumbo na damu vinahusiana vipi?

Mwili hauwezi kutengeneza damu bila madini ya chuma na vitamini, hasa B12 na asidi ya foliki. Chakula kikifika tumboni hukutana na tindikali. Tindikali hiyo huyaandaa madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka ili utumbo mwembamba uweze kuyafyonza. Pia husaidia kuitoa B12 katika nyama na samaki. Zaidi ya hayo, ukuta wa tumbo hutoa protini maalum inayoisindikiza B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ambako hufyonzwa.

Ukuta ukivimba kwa muda mrefu, tindikali na protini hiyo huweza kupungua. Kukiwa na kidonda, damu huvuja kidogo kidogo pasipo mgonjwa kujua. Ndiyo maana mtu anaweza kula kila siku na bado akapungukiwa.

Akiba ya chuma inaweza kwisha kwa miezi michache. B12 huwekwa akiba kwenye ini kwa miaka, kwa hiyo upungufu wake huchelewa kujitokeza: ganzi ya miguu, ulimi kuwa laini na kuuma, usahaulifu. Ganzi ikiachwa muda mrefu huenda isiondoke kabisa.

2. Uvimbe huo hutoka wapi?

Zamani watu walilaumu mawazo na pilipili. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walithibitisha kuwapo kwa kijidudu kinachoishi katika ukuta wa tumbo, kiitwacho Helicobacter pylori. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Kijidudu hiki huambukizwa hasa utotoni, na huenea zaidi penye msongamano na maji machache. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Hapo hatuhitaji maelezo mengi.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hudhuru ukuta wa tumbo na huweza kuleta damu. Mbeba mizigo anayemeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo anajinunulia kidonda. Parasetamoli, ikitumiwa kwa kipimo chake, haina hatari hiyo kwa tumbo. Pombe kali nayo huchoma.

3. Kosa la kuogopa chakula

Mgonjwa wa tumbo husikia ushauri mwingi: acha maharage, acha karanga, acha mboga, acha samaki. Mwisho hubaki na nsima nyeupe na chai. Hapo ugonjwa mmoja huzaa wa pili.

Malawi ina somo kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1990 wakimbizi kutoka Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3. Ngozi iliungua juani, tumbo liliharisha, wengine akili zilivurugika. Posho yao ilikuwa mahindi hasa, na karanga zilizokuwa zikiwapa vitamini hiyo zilikuwa zimekosekana. Matumbo yalijaa, lakini miili ilikuwa na njaa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiondoe chakula bila kuweka kingine mahali pake. Maharage hayaleti vidonda. Yakikuletea gesi, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yapike hadi yalainike, ule kidogo kidogo. Karanga zisage uzitie kwenye mboga. Unga wa mgaiwa, ambao haukukobolewa, una vitamini nyingi kuliko unga mweupe. Dagaa wakavu, hao usipa wa ziwani, wana chuma na B12. Waponde uchanganye na mchicha, matembele, kisamvu au majani ya maboga. Kumbuka kwamba B12 haimo katika mboga za majani. Bila samaki, nyama, mayai au maziwa, haipatikani ya kutosha.

Chuma cha mboga hufyonzwa vizuri zaidi kikiandamana na vitamini C: pera, embe, nyanya, ubuyu. Kitu kichachu kikikuchoma, tumia pera au embe bivu. Chai na kahawa huzuia chuma. Zisogeze mbali na mlo, saa moja au mbili.

4. Namna ya kutumia vidonge vya damu

Wengi hupewa vidonge vya chuma, vikawachoma tumbo, wakaviacha. Usiviache kimya kimya, mwambie aliyekupa. Kuna njia:

(a) Vidonge hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini vikikusumbua meza pamoja na chakula kidogo. Usimeze kwa chai wala maziwa.

(b) Uliza kama unaweza kumeza siku moja na kuruka siku moja. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mwili hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kwa njia hiyo, na tumbo hupata nafuu.

(c) Dawa za kutuliza tindikali zitenganishe na chuma kwa saa mbili. Omeprazoli inasaidia kidonda kupona, lakini ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa chuma na B12. Usiinunue dukani mwezi baada ya mwezi bila kuonana na daktari.

(d) Damu ikisharudi, endelea na vidonge kwa kiasi cha miezi mitatu ili kujaza akiba.

(e) Viweke mbali na watoto. Vidonge vichache vinaweza kumwua mtoto.

Mwenye tumbo lisilofyonza B12 huenda akahitaji sindano. Asidi ya foliki peke yake inaweza kuinua damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

5. Kipimo kwanza

Usibahatishe. Malaria, minyoo, kichocho, hedhi nyingi na ugonjwa wa selimundu navyo hupunguza damu. Omba kupimwa kiwango cha damu: mwanamke asiye mjamzito asipungue gramu 12 kwa desilita, mwanamume 13. Uliza kama kipimo cha kijidudu cha tumbo kinapatikana. Kikionekana, hutibiwa kwa mseto wa dawa kwa siku 10 hadi 14, na ni lazima zimalizwe. Anza kituo cha afya cha Dzaleka. Kikishindwa, omba rufaa ya hospitali ya wilaya Dowa au Kamuzu Central, Lilongwe.

Nenda upesi, usingoje asubuhi, ukitapika damu, ukizimia, ukikosa pumzi, au ukipata choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali. Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini si cha lami. Kupungua uzito au chakula kukwama kooni navyo havingojwi.

6. Haki ya kutibiwa

Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 kazini likizo ya ugonjwa: wiki nne kwa mshahara kamili na wiki nane kwa nusu mshahara kila mwaka. Lakini wenzetu wengi wa Dzaleka hawana ajira rasmi, na tangu amri ya mwaka 2023 ya kuwarudisha wakimbizi kambini, wengi walipoteza biashara zao za mjini. Kwao, mfuko wa kikundi wa nauli na vipimo ndiyo likizo ya ugonjwa. Tuujenge.

Maswali ya kujadili

1. Kazini kwetu, ni wangapi wanatumia dawa za maumivu kila siku, na mzigo gani unawalazimisha?
2. Je, tuna muda wa kula mchana, au tunakula mara moja usiku?
3. Kwa fedha ya chai na maandazi ya wiki, dagaa na karanga kiasi gani vingenunulika sokoni kwetu?