Kabla Hujaongeza Paneli Juu ya Gari

Friji ya gari inapozima saa tisa usiku kambini Seronera na barafu kuanza kuyeyuka juu ya nyama, mwenye gari hukata shauri papo hapo: akifika Arusha atanunua paneli nyingine ya sola. Ananunua, anapata nafuu ya wiki mbili, kisha friji inazima tena. Nimeona Land Cruiser yenye paneli tatu kwenye keria ikishindwa kuendesha friji moja, na kilichokuwa kikiiangusha ni kipande cha waya kisichofika urefu wa mkono. Kwa hiyo weka pesa mfukoni kwanza, tafuta multimita.

Lakini hata kabla ya multimita, panda juu utazame. Magari yetu ya kulala, iwe Hiace iliyong'olewa viti au gari la safari lenye hema juu, hubeba paneli zilizolazwa bapa. Huku karibu na ikweta hilo si kosa kubwa, maana jua la adhuhuri halikai mbali sana na utosi mwaka mzima. Ubaya wa kulaza bapa ni vumbi: mvua haitiririki ikalichukua, hukauka palepale na kuacha utando wa tope. Osha alfajiri, kioo kikiwa baridi. Maji baridi yakimwagwa juu ya kioo kilichokaangwa na jua la saa saba yanaweza kukipasua.

Angalia na vivuli. Seli za paneli zinafanya kazi kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji: mmoja akisinzia, wa nyuma yake wote wanakwama. Antena ya redio, dumu la mafuta, tairi la akiba, kila kimoja kina saa yake ya kutupa kivuli. Diodi zilizomo ndani ya paneli huiruka sehemu iliyozibwa ili nyingine ziendelee, ila mchango wa sehemu hiyo ndio umekwenda.

Sasa njoo kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Jua linawaka, kioo cha kontrola kinasoma ampea 0.6, mtu anatangaza kwamba paneli imekufa. Huenda betri imejaa tu, na kontrola imebana mlango kama inavyotakiwa. Washa friji, washa taa, chomeka simu, usubiri dakika chache. Ampea zikipanda, huna ugonjwa. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 na ushee jua likiwa kali, lakini usiidai wati zote zilizoandikwa mgongoni. Wati hizo zilipimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzijoto inayozidi hapo hula takribani asilimia 0.4 ya nguvu. Seli zikifika nyuzijoto 65, jambo la kawaida juani, umepoteza asilimia 16 bila chochote kuharibika. Ndiyo sababu siipendi paneli iliyogundishwa moja kwa moja kwenye bati la gari. Iachie upenyo wa sentimita chache hewa ipite chini.

Ampea zikikataa kupanda, funika paneli kwa blanketi zito, chomoa waya zake, kisha funua na upime volti. Blanketi si mbwembwe: paneli haina swichi, na ukichomoa soketi huku umeme unapita unaweza kuitia cheche na kuiunguza. Paneli ya volti 12 isome kati ya 20 na 22. Ile kubwa ya nyumbani yenye seli 60 husoma karibu 38, nayo ikisoma 25 jua kwamba theluthi moja imelala, na mshukiwa wa kwanza ni diodi.

Hata hivyo, volti nzuri peke yake haithibitishi kitu. Waya ulioshikiliwa na uzi mmoja wa shaba utasoma volti 21 bila aibu, ukiupa kazi unazimia. Kwa hiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote hufanywa umeme ukiwa unapita, betri ikiwa haijajaa. Gusisha ncha za multimita kwenye skrubu za kontrola zinazokwenda betri, uandike namba. Kisha pima kwenye vichwa vya betri yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.3, mwizi yuko katikati. Kontrola inaona 14.3 mlangoni kwake, inadhani betri imeshiba, inapunguza chaji. Kumbe iliyofika ni 13.5. Betri ya asidi inayolala na njaa kila siku huota ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na hapo hata paneli kumi haziiokoi.

Mwizi huyo hukaa kwenye skrubu iliyolegea, shaba iliyoota kijani, kishikio cha fyuzi kilichoanza kuyeyuka, au waya mwembamba. Chukua ampea 10 zinazosafiri mita 5 kwenda na mita 5 kurudi: waya wa milimita 2.5 za mraba hula zaidi ya volti 0.7, wa milimita 6 hula karibu 0.3. Ukibadilisha waya, weka fyuzi karibu na betri. Waya ukichunika na kugusa bodi, betri ndiyo itakayosukuma mamia ya ampea na kuchoma gari.

Yote yakiwa safi na friji bado inazima, ndipo uongeze, tena kwa hesabu. Friji ya wati 45 inayonguruma nusu ya siku inataka wati-saa 540. Ongeza 100 za taa na simu. Paneli ya wati 100, kwa siku yenye saa tano za jua kamili, ukitoa hasara, hukupa kama 360. Moja haitoshi, mbili zinatosha kwa taabu siku isiyo na mawingu.

Wengi huishia kupandisha paneli ya nyumbani ya wati 320 kwa kuwa kila wati yake ni rahisi. Sawa, lakini usiiunge na kontrola ya PWM ya betri ya volti 12. PWM huishusha paneli hadi volti ya betri, basi zile ampea 9.7 zikizidishwa kwa volti 13 unapata wati 126. Nyingine zimepotea. Hapo nunua MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na uchague ya ampea 30. Ukiunga paneli mbili kama hizo mfululizo, soma kikomo cha volti cha kontrola kabla ya kulipa: mbili ni volti 76, na asubuhi ya baridi kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hupanda hadi karibu 80. Kontrola ya kikomo cha 75 haiponi hapo. Ukiunga sambamba paneli tatu au zaidi, kila moja ipewe fyuzi yake.

Kwenye kufunga, betri huungwa na kontrola kwanza, paneli baadaye; kwenye kufungua, paneli hutangulia kutoka. Ukihamia betri ya lithiamu, badilisha mpangilio wa kontrola, na usiiunge moja kwa moja na altaneta bila chaja ya kati, kwani inavuta umeme mwingi mno na altaneta inaweza kuungua.

Kisha endesha kilomita mia moja za barabara iliyokunjana kama bati, usimame kivulini, uchukue bisibisi na kukaza skrubu zote upya, kuanzia za kontrola hadi za keria.