Mzigo umepungua, tunakatwa zamu nzima

SWALI: Nafanya kazi ghalani hapa Dar es Salaam. Katoni zikipungua, meneja anakata mshahara zamu nzima. Watu wake hawaguswi, na ovataimu ni zao. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Tuanze na makato, maana hapo ndipo una nguvu. Kwa kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hukatwi kwa hasara mpaka uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe ya kosa lako, upewe barua yenye sababu na hesabu yake, na upate nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara. Kukata zamu nzima ni uvivu wa kuchunguza.

Kwa hiyo usisaini karatasi usiyoielewa, hata ukiharakishwa na gari linalosubiri kupakiwa. Wakati wa kupokezana zamu, hesabuni pamoja, mwandike kitabuni, wote wawili mtie saini. Tunza hati za mshahara. Kisha mwandikie meneja, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Ovataimu ni ngumu zaidi. Sheria inataka ilipwe mara moja na nusu, lakini haikupi haki ya kupangiwa. Ombeni ratiba ibandikwe ukutani. Upendeleo hauzoei mwanga.

Wakikaidi, peleka madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tu.